Kipande Kidogo Chini ya Hadubini

   Ninyi mnaolifuata somo hili kwa kulisoma, someni polepole, na neno geni likitokea lisomeni kwa sauti mara mbili kabla ya kuendelea.

Leo tunahitaji vitu vichache mezani: kitunguu maji kimoja, kisu kikali, na kipande cha jani la mkonge kwa wale wanaokaa karibu na mashamba ya mkonge. Asiye na mkonge asihangaike, kipande cha kamba ya katani kitatosha.

Kiongozi wa kikundi, tafadhali kipasue kitunguu mara nne. Bandua gamba moja nene. Upande wake wa ndani, ule ulioingia kama bakuli, pana ngozi nyembamba sana, nyembamba kuliko karatasi ya sigara. Ivute taratibu kwa ukucha, kisha uinyanyue mbele ya mwanga wa dirisha.

(Nafasi. Kila mwanakikundi aitazame ngozi hiyo.)

Mmeona nini? Bila shaka wengi mtasema hamkuona kitu, ila kingozi kinachopitisha mwanga. Basi ngozi hiyo hiyo ikilowanishwa kwa tone la maji, ikalazwa juu ya kipande cha kioo na kutazamwa kwa hadubini, huonekana kuwa ni ukuta wa matofali. Matofali yake ni marefu, yamepangwa ubavu kwa ubavu, na kila tofali lina mpaka wake. Tena ndani ya kila moja, ukitia rangi kidogo, unaona kidoa cha mviringo. Hayo matofali ndiyo seli, na kidoa kile ni kiini cha seli.

Hadubini ni chombo cha kuonea vitu vidogo mno. Zamani watu wengi walikiita darubini, na wengine hukiita hivyo hata sasa. Lakini darubini tunaiweka kwa ajili ya vitu vilivyo mbali, kama mwezi na nyota na jahazi baharini. Hadubini haisogezi kilicho mbali. Hukuza kilicho karibu. Hadubini nyingi za shuleni hukuza mara 40, mara 100 na mara 400. Kukuza mara 400 maana yake ni kwamba kitu chenye urefu wa milimita moja huonekana kama kina urefu wa sentimita 40, yaani kupita urefu wa kitabu kikubwa.

Mtu aliyeyapa matofali hayo jina lake ni Mwingereza Robert Hooke, mwaka 1665. Yeye hakutazama kitunguu. Alitazama kizibo cha chupa, ambacho hutengenezwa kwa gome la mti mmoja wa Ulaya. Alinoa kisu chake kidogo mpaka kikawa kikali kama wembe, akakata ubale mwembamba kabisa wa kizibo, akauweka juu ya kibao cheusi kwa sababu kizibo chenyewe ni cheupe, akatazama. Aliona vitundu vitundu kama sega la nyuki. Akahesabu, akakadiria kuwa katika urefu wa inchi moja tu vimo vitundu zaidi ya 1,000. Akaviita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya vijumba au vyumba vidogo, na neno hilo ndilo limekuja kwetu kama "seli". Hooke aliona kuta tu, kwa maana gome lile lilikuwa limekwisha kufa, na wenye nyumba walikuwa wamekwisha kuondoka. Ilipita zaidi ya miaka 170 kabla Wajerumani wawili, Matthias Schleiden mwaka 1838 kwa upande wa mimea, na Theodor Schwann mwaka 1839 kwa upande wa wanyama, kutangaza kuwa mimea yote na wanyama wote wamejengwa kwa seli.

Sasa tuje kwenye neno letu kubwa la leo, nalo ni tishu.

Mnajua jinsi mkeka unavyofanywa. Msusi huanza na ukindu, akauchana kuwa chane nyembamba. Chane moja peke yake si kitu, upepo huichukua. Lakini chane nyingi zikisukwa pamoja hupata ukili, na kili zikishonwa pamoja hupata mkeka. Katika mwili, seli ni kama chane. Seli nyingi za namna moja zikishikamana na kufanya kazi moja, hizo ndizo tishu, yaani ukili. Na tishu za namna mbalimbali zikiunganishwa hupata kiungo kizima, kama vile moyo, tumbo, au jani la mti. Mfano huu sikuutunga bure. Neno tishu lenyewe, huko Ufaransa lilikotoka, maana yake ni kitu kilichofumwa, kama nguo. Nayo elimu ya kuchunguza tishu huitwa histolojia, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya mtande au nguo ya mfumi. Watu wa mbali waliutazama mwili wakakumbuka kitambaa. Sisi tukiutazama tunaweza kukumbuka mkeka. Ni yale yale.

Aliyefundisha habari ya tishu kwa mpango mzuri alikuwa daktari kijana wa Paris, Xavier Bichat. Mimi humpenda mtu huyu kuliko wote katika somo hili, kwa sababu hakuwa na imani na hadubini za siku zake, nazo kweli zilikuwa mbovu, zikionyesha vitu na ukungu wa rangi pembeni. Basi alifanyaje? Alifanya kama mpishi. Alichukua sehemu za mwili wa maiti akazichemsha, akazikausha, akaziloweka, akaziacha zioze, akazitia ndani ya asidi, na kila mara akaandika ipi inalainika, ipi inakuwa ngumu, ipi inachambuka nyuzi. Kwa njia hiyo, mwaka 1801, alieleza namna 21 za tishu. Mwaka uliofuata alifariki, umri wake miaka 30 tu.

Hata ninyi mnajua mengi kwa njia ya Bichat. Chukueni nyama ya ng'ombe iliyochemka sana: inachambuka nyuzi nyuzi. Hiyo ni tishu ya misuli, na nyuzi zile ni mafungu ya seli ndefu zenye uwezo wa kujikaza na kulegea. Ini halichambuki nyuzi hata ulichemshe mchana kutwa. Linavunjika kama muhogo, maana seli zake si ndefu. Kano inayoshika nyama kwenye mfupa hukushinda meno, na gegedu la ncha ya mfupa hulia kakaka likitafunwa. Kano, gegedu, mfupa na mafuta vyote ni vya ukoo mmoja, ukoo wa tishu unganishi, ambazo kazi yake ni kushika, kufunga, kujaza na kuegemeza. Ukoo mwingine ni wa tishu za kufunika, kama ngozi ya juu na utando wa ndani ya mdomo na matumbo. Kuna misuli, tumekwisha kuitaja. Wa nne ni tishu za neva, za ubongo na mishipa ya fahamu. Koo hizo nne zinatosha kumjenga ng'ombe, kuku, papa, na mtu.

Mimea nayo ina mpango wake. Hapa ndipo jani letu la mkonge linapoingia.

(Kiongozi alipare jani kwa kisu mpaka zibaki nyuzi nyeupe. Wenye kamba waifumue mpaka wapate uzi mmoja.)

Uvuteni uzi mmoja. Haukatiki upesi. Uzi huo unaweza kuwa na urefu wa mita nzima, nanyi mngedhani ni kitu kimoja toka mwanzo hadi mwisho. Hadubini inatuambia vingine. Uzi mmoja wa katani ni fungu la seli nyingi zilizokwisha kufa, kila moja ina urefu wa milimita chache tu, ncha zake zimechongoka, nazo zimepishana na kugandamana kama vile fundi wa kamba anavyopishanisha nyuzi fupi ili apate kamba ndefu. Kuta za seli hizo ni nene mno. Kwa hiyo jani lenyewe lilikuwa limekwisha kusokota kamba kabla ya mtu kufikiri kusokota. Mkonge wa Afrika ya Mashariki asili yake ni Mexico. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuingiza Tanganyika kwa njia ya Florida, na inaandikwa kuwa miche iliyofika hai ikapandwa ni 62 tu. Mashamba makubwa ya Tanga yalianzia hapo.

Vivyo hivyo mpingo. Mafundi wa kuchonga wanajua kuwa mpingo huzama majini na huharibu makali ya tezo. Ukikata ubale mwembamba wa mpingo ukautazama, utaona seli zenye kuta nene na nafasi ndogo sana ndani yake. Mti mwepesi kama msufi una seli zenye kuta nyembamba na nafasi kubwa. Uzito wa gogo, basi, umeandikwa ndani ya tishu zake.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema: haya ni mambo ya kupendeza, lakini yananihusu nini mimi mkulima? Ndugu, sikiliza vizuri sehemu hii inayofuata.

Huenda siku moja wewe au mtoto wako akaota uvimbe, shingoni au tumboni au kwenye ziwa. Mganga wa hospitali atatazama, atapapasa, kisha atasema: "Tutakata kipande kidogo tukipeleke maabara." Watu wengi hapo hushikwa na hofu. Kipande cha mwili wangu kinakwenda wapi? Kinafanyiwa nini? Kwa nini wasinipe dawa mara moja? Wapo wanaoondoka usiku huo huo na kurudi nyumbani, na uvimbe wao haungojei. Wapo pia wanaosema kuwa uvimbe ukiguswa na kisu ndipo unapokasirika na kuenea. Mara nyingi ukweli ni kwamba mgonjwa alifika amechelewa, uvimbe ulikuwa umekwisha kuenea kabla ya kisu, na kisu kikabebeshwa lawama. Kwa hiyo nataka tuifuate safari ya kipande kile hatua kwa hatua, ili kusiwe na siri.

Nyama iliyokatwa huanza kuharibika mara moja. Kila aliyewahi kuchinja anajua. Kwa sababu hiyo kipande hutiwa ndani ya dawa iitwayo fomalini, dawa yenye harufu kali ya kuwasha macho. Fomalini huikaza nyama na kuzuia isioze, hata seli zikabaki vile vile zilivyokuwa saa ile ilipokatwa. Kazi hii huchukua saa nyingi, mara nyingi usiku kucha, maana dawa lazima ipenye mpaka katikati.

Halafu maji yote hutolewa ndani ya nyama kwa kuiloweka katika spiriti, kwanza hafifu, kisha kali, kisha kali zaidi. Kwa nini? Kwa sababu hatua inayofuata ni kuijaza nta, na maji na nta havipatani. Nta yenyewe ni ya namna ya mshumaa. Huyeyushwa kwa moto wa kiasi, ikaingia kila mahali palipokuwa na maji, kisha ikapozwa. Sasa kipande kile laini kimekuwa kigumu, kimo ndani ya kibonge cha nta. Sababu ya taabu yote hiyo ni moja tu: nyama laini haikatiki vyembamba. Jaribu kukata nyama mbichi kwa ubale wa wembamba wa karatasi uone jinsi inavyokimbia chini ya kisu.

Kibonge hufungwa kwenye mashine yenye wembe mkali sana. Fundi huzungusha gurudumu, na kila mzunguko ubale mmoja hukatwa, unene wake kama sehemu nne au tano za elfu za milimita. Unywele mmoja wa kichwani una unene zaidi ya mara kumi ya ubale huo. Bale hutoka zimeshikana kama utepe, huelezwa juu ya maji ya uvuguvugu ili zijinyooshe, kisha huopolewa kwa kipande cha kioo kiitwacho slaidi. Ni kazi ya mkono mwepesi. Nimemwona fundi mmoja akizuia pumzi kila alipoopoa, kwa kuwa hata pumzi ya mtu huutia mkunjo.

Bado hatujamaliza. Ubale ule hauna rangi. Kutafuta seli ndani yake ni kama kutafuta shanga ya kioo ndani ya bakuli la maji. Lazima utiwe rangi. Mholanzi Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa nguo katika mji wa Delft aliyejichongea lenzi zake mwenyewe, alitumia zafarani mwanzoni mwa miaka ya 1700 ili aone vizuri nyuzi za misuli. Naam, zafarani ile ile ya kutia katika pilau na kahawa. Siku hizi rangi inayotumika zaidi hutoka katika mti mmoja wa Mexico na Amerika ya Kati, ambao zamani ulikuwa ukitia rangi nguo za sufu na hariri. Rangi hiyo huitwa hematoksilini. Inashikwa na viini vya seli, navyo huwa vya buluu au zambarau. Rangi ya pili, eosini, hupaka sehemu nyingine kwa rangi ya waridi. Ndipo picha inapotokea: mashamba ya waridi yenye vidoa vya zambarau.

Kwa hiyo hata mambo yote yakienda sawa, na fundi yupo, na umeme haukukatika, siku moja au mbili hupita kabla slaidi haijawa tayari. Mahali penye mafundi na wataalamu wachache siku huwa nyingi zaidi. Nadhani hospitali zingefanya vyema kuwaeleza watu jambo hili mapema, maana anayengojea bila kujua sababu huona amesahauliwa.

Mtaalamu anayesoma slaidi huitwa daktari wa patholojia. Yeye anatazama mambo ya namna gani? Kwanza, mpango. Tishu njema ina adabu: seli zimejipanga, kila ukoo mahali pake. Saratani huvunja mpango huo. Seli zake hupenya katika tishu za jirani kama magugu yanavyoingia shamba la pili. Kisha hutazama viini: je, vinalingana, au vingine vimekuwa vikubwa na vyeusi kupita kiasi? Seli ngapi zinagawanyika? Rudolf Virchow wa Berlin alifundisha mwaka 1858 kwamba ugonjwa lazima utafutwe ndani ya seli, na kila seli huzaliwa na seli nyingine iliyoitangulia. Tangu siku hizo hadubini imekuwa chombo cha mganga, si cha wapenda mambo ya ajabu peke yao.

Nitawapa mfano mmoja wa kwetu, Afrika ya Mashariki, na nitakaa hapo kidogo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliitwa kumtazama mtoto mwanamume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Jambo hilo lilimshangaza, maana uvimbe kwa kawaida huanza mahali pamoja. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alimwona mtoto msichana mwenye uvimbe kama ule ule, na tena alikuwa na uvimbe tumboni. Burkitt akaanza kupekua madaftari ya hospitali. Watoto kama hao walikuwa wengi, lakini walikuwa wameandikwa kwa majina mbalimbali. Aliyevimba taya aliandikwa ugonjwa wa taya, aliyevimba jicho ugonjwa wa jicho, aliyevimba figo ugonjwa wa figo. Ilionekana kana kwamba ni magonjwa kumi. Mwaka 1958 Burkitt aliandika habari zao katika gazeti la madaktari wapasuaji la Uingereza.

Ni hadubini iliyowakusanya watoto hao chini ya jina moja. Madaktari wa patholojia wa Kampala, Jack Davies na Mmarekani Gregory O'Conor, walizitazama slaidi za uvimbe wa taya, za tumbo, za macho, wakaona zinafanana. Ilipofika miaka ya 1960 na 1961 walikuwa wameeleza kuwa ni saratani moja, ya zile seli za damu nyeupe ambazo kazi yake ni kuulinda mwili. Na sura yake chini ya hadubini haisahauliki. Seli za saratani ni ndogo, zimesongamana sana, zimejaa rangi ya zambarau iliyokoza kama anga la usiku. Katikati yake, huku na huko, zimetawanyika seli kubwa nyeupe nyeupe ambazo kazi yao ni kula mabaki ya seli zilizokufa. Wataalamu wote duniani huiita sura hiyo "anga la nyota". Ni jina zuri mno kwa kitu kibaya namna ile.

Kutoka kwenye slaidi hizo mambo mengine yalifuata. Oktoba 1961 Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliingia katika gari kuukuu wakasafiri kwa wiki kumi, kama kilomita 16,000, toka Uganda mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika kila hospitali: mnawaona watoto wa namna hii? Waligundua kuwa ugonjwa ulikuwa mwingi katika nchi za joto na mvua, na haba katika nyanda za juu zenye baridi. Nchi za joto na mvua ndizo nchi za mbu na malaria. Mwaka huo huo Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London, na mmoja wa waliomsikiliza alikuwa Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege toka Kampala hadi London. Kipande kimoja, mwishoni mwa mwaka 1963, kilichelewa kwa sababu ya ukungu, ndege ikatua Manchester, na kilipofika maji yake yalikuwa yamechafuka. Mtu mwingine angekitupa akidhani kimeoza. Epstein alichukua tone akalitazama kwa hadubini, akaona si uozo, bali ni seli hai za uvimbe zilizotikisika zikaachana na kuelea. Seli hizo zikakuzwa katika chupa. Mapema mwaka 1964 Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, waliziangalia kwa hadubini ya elektroni, ambayo hukuza mara maelfu mengi, wakaona ndani yake virusi ambavyo havikuwa vimejulikana. Vilikuwa virusi vya kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu.

Leo tunajua kuwa karibu watu wote duniani hupata virusi hivyo, na wengi hawadhuriki. Lakini mtoto anayeshambuliwa na malaria mara kwa mara huwa katika hatari zaidi ya kupata saratani hii. Na jambo la kutia moyo ni kwamba saratani hii husikia dawa. Huko Kampala, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, Burkitt aliona nyuso za watoto zilizovimba zikirudi kuwa za kawaida. Mtoto akiwahi na kumaliza dawa zote ana nafasi kubwa ya kupona. Lakini uvimbe huu hukua upesi sana, na dawa zake zinafaa kwa ugonjwa huu, si kwa kila uvimbe. Jipu la jino halitibiwi kwa dawa za saratani, wala saratani haitibiwi kwa kung'oa jino. Ndiyo maana mganga hutaka kipande kwanza. Mzazi anayeona taya la mtoto limevimba na meno yanalegea, asingoje mwezi upite.

Sasa neno la mwisho ni la kazi. Wakati mwingine hospitali humpa ndugu wa mgonjwa chombo chenye kipande ili akipeleke mwenyewe kwenye maabara ya mji mwingine. Ukipewa kazi hiyo, fahamu haya. Maji yale yenye harufu kali ndiyo fomalini. Usiyamwage kwa kudhani ni machafu, wala usiongeze maji ya kisima, wala chumvi. Yawe mengi, kama mara kumi ya kipande chenyewe. Usikigandishe kwenye barafu. Chombo kiwe na mdomo mpana, kwa sababu kipande kilichoingia kikiwa laini kitakuwa kigumu na kushindwa kutoka. Jina liandikwe ubavuni mwa chombo, si juu ya kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Hapa ninyi mliokwisha kujua kusoma mna faida: lisome jina lile mwenyewe kabla hujaondoka, ulilinganishe na jina lililo katika karatasi ya daktari. Karatasi hiyo nayo usiipoteze. Daktari wa patholojia hamwoni mgonjwa. Umri wake, mahali uvimbe ulipotoka na muda uliokaa anavijua kwa karatasi tu. Fomalini ni sumu, iwekeni mbali na watoto.

Na kile kipande, je, hutupwa? Kibonge cha nta huwekwa maabara kwa miaka mingi pamoja na namba yake. Bale chache tu ndizo zilizokatwa, zilizobaki zimo. Daktari mwingine akitaka kuhakikisha, kibonge kinaweza kukatwa tena bila ya mgonjwa kuguswa na kisu mara ya pili. Kwa hiyo mkipewa namba ya maabara, iandikeni katika daftari nyumbani, mahali mtakapoiona.

Kiongozi wa kikundi, sasa unaweza kuzima redio. Kabla ya somo lijalo, ambalo litahusu damu na jinsi malaria inavyotafutwa kwenye slaidi, kila mmoja aandike sentensi tano juu ya alichokiona leo katika ngozi ya kitunguu na uzi wa katani. Asiyemaliza kuandika amwambie jirani yake, na jirani amwandikie.